Viatu vya Apaloreng

Ninyi mliosoma Lodwar wakati wa redio za betri na taa za chemni mtanisaidia kukumbuka. Upepo wa mchana ulivyotia mchanga kwenye uji, nasi tukaunywa hivyo hivyo na kusaga meno. Samaki wakavu wa Kataboi waliofika kwa lori wakiwa wamefungwa maguniani, harufu yao ikitangulia mbali kabla lori halijaonekana. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na mwanafunzi aliyepewa zamu ya kuigonga alitembea siku nzima kama mkuu wa wilaya. Adhuhuri tulivuka uwanja pekupeku, tukikimbia kutoka kivuli cha mkoma mmoja hadi kingine kwa sababu mchanga uliunguza nyayo. Watoto wa leo umeme ukikatika kidogo wanajipepea kwa daftari na kulalamika kwamba Lodwar ni joto. Imekuwa joto tangu lini, nawauliza.

Mimi nilitoka hapo bila viatu vya maana nikarudi na diploma ya uhandisi wa maji. Nasema hivi bila aibu, kwa sababu hakuna mtu aliyenishika mkono. Mama alikuwa akisuka vikapu vya makuti na baba simkumbuki. Nimefanya kazi Nairobi, nimefanya kazi ng'ambo, na niliporudi sikuja na masanduku ya nguo peke yake kama wengine. Nimejenga nyumba ya mawe, yenye tangi la maji juu ya paa, na ndani nimetenga chumba kizima kwa ajili ya meza moja. Wageni hudhani ni meza ya kulia chakula. Ni meza ya mchezo, na sijasikia mtu mwingine Turkana nzima aliye na mfano wake.

Watu wakiniuliza siri ya mafanikio yangu wanatarajia niseme sala au hesabu. Nawaambia ukweli na hawaniamini. Siri yangu ni mchezo niliojifunza nikiwa darasa la sita, nami sijauacha hadi leo mvi zimeniota.

Aliyeuleta ni mwalimu wetu wa sayansi, kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, mwenye shingo ndefu hata siku ya kwanza tu tukampa jina la Ekori, yaani twiga. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Jumamosi alasiri, wengine wakienda kuogelea mto Turkwel, Ekori alivuta kutoka uvunguni mwa kitanda boksi lenye vijitabu na dadu za plastiki za ajabu, nyingine zenye pande nyingi mpaka zinakaribia kuwa mviringo. Akatuketisha watatu mezani. Mimi, rafiki yangu Lokol aliyekuja bweni kutoka Kakuma, na Akai, binti ya shangazi yangu, ambaye alikuwa mdogo wetu kwa umri na mkubwa wetu kwa mdomo.

Kwa wasioujua, mchezo uko hivi. Kila mchezaji anakuwa mtu mwingine, labda shujaa wa upanga, labda mchawi, labda mwizi hodari wa kufungua kufuli. Mmoja hachezi. Huyo sisi tulimwita mwenye hadithi, na kazi yake ni kueleza nchi mnayopita. Anakwambia uko mbele ya pango, na kutoka ndani unasikia kitu kikivuta pumzi. Kisha anauliza, unafanya nini? Ukijibu jambo jepesi, linatendeka. Ukijibu jambo gumu, unarusha dadu, nazo zinasema kama umeweza au umeshindwa. Hakuna kikombe wala mshindi. Mnasonga mbele tu, na nchi inazidi kufunguka, na hiyo nchi haipo popote ila kati ya vichwa vyenu.

Ekori alitwambia tujichagulie majina ya mashujaa. Sote tulichagua majina ya maksai, kwa maana kwetu mwanamume anayejiheshimu huitwa kwa rangi ya maksai wake anayempenda. Akai naye akachagua. Lokol akamwambia hayo ni mambo ya wanaume.

"Huyu mtu ni wa uongo," Akai akamjibu. "Kwani hata uongo una wenyewe?"

Kisha tukataka kujua hao maksai wako wapi. Ekori akapekua vijitabu vyake. Kulikuwa na farasi, kulikuwa na mbwa mwitu, kulikuwa na ndege mwenye mwili wa simba, lakini maksai hakuna. Ikabidi atuandikie kila mmoja wa kwake kwa penseli. Hata hapo hatukuingia pangoni. Tulitaka kwanza kujua nani anabaki na mbuzi. Mashujaa watatu kushuka chini ya ardhi na kuacha mifugo nje bila mchungaji, hilo hatukulikubali hata kwa mchezo, na nusu ya alasiri ya kwanza ilikwisha tukiwa bado mlangoni.

Joka la kwanza tuliliua baada ya majuma kadhaa. Ekori alisimama, uso umemwiva kwa furaha, akatueleza mlima wa dhahabu uliokuwa nyuma ya joka, taji na vikombe na sarafu, vyote vyetu.

"Na nyama?" Lokol akauliza.

"Nyama gani?"

"Ya hilo joka. Umesema ni kubwa kama lori. Nani anachoma?"

"Joka si chakula, Lokol."

Tulitazamana kwa huruma. Akai ndiye aliyemwuliza kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "Mwalimu, kwenu mtu anaua mnyama kama huyo halafu anaachia fisi?"

Alasiri iliyobaki tulikuwa tukigawa joka. Ekori alilazimika kututungia kijiji kizima, wazee wa kuketi nusu duara kwa kufuata umri, nani apewe paja, nani apewe mbavu, na mzee mmoja mkorofi aliyedai amepewa kipande cha mtoto. Dhahabu tuliiacha pangoni. Kwa kadiri ninavyojua iko huko bado.

Vijana wa siku hizi nikiwasimulia haya wananiuliza kama mchezo huo una picha nzuri. Nawaambia picha zake ni nzuri kuliko za simu yako, na chaji haiishi. Wanacheka, wanarudi kuinamisha shingo. Lakini mimi najua nilichopata pale. Chuoni wenzangu walishindwa kukiona kisima kabla hakijachimbwa, walihitaji mchoro na mwalimu wa kuwaelekeza kidole. Mimi nilifumba macho nikaliona bomba likishuka, mwamba uko wapi, maji yamelala wapi. Nilikuwa nimezoea kutembea chini ya ardhi tangu utoto.

Muda wa Ekori ukaisha, akaondoka na boksi lake. Hatukumlaumu, lilikuwa lake. Mchezo ulibaki kwetu kwa sababu hauhitaji sana vitu. Lokol akawa mwenye hadithi, na nakiri, mimi nisiyependa kukiri kwamba mtu amenishinda, kwamba alimpita Ekori. Sauti yake ilikuwa ya chini. Akikwambia kuna mtu nyuma yako, unageuka.

Shida ilikuwa dadu. Tulijaribu kokwa za mikoma zikabingirika mpaka kwenye miiba. Tulijaribu mawe yenye alama za mkaa, alama zikafutika. Mwisho Lokol akavua akala zake, zile ndara za tairi ambazo nyote mmezivaa, akazirusha chini. Kiatu kikilala chali, umeweza. Kikilala kifudifudi, umeshindwa. Kimoja kikipanda juu ya kingine, limetokea jambo kubwa na mwenye hadithi ndiye ajuaye.

Akai alirudi nyuma. "Hivyo si vya kuchezea."

Tulijua anasema nini. Kwetu anayerusha viatu ni emuron, mtu mwenye kipawa cha kuona. Anarusha ndara zake za ngozi, anazitazama zilivyoanguka, na anawaambia watu mvua iko wapi na adui anatokea upande gani. Watu huhamisha mifugo kwa neno lake. Na babu yake Lokol alikuwa emuron mkubwa, aliyefariki kiangazi kilichopita.

"Vya babu vilikuwa vya ngozi," Lokol akasema. "Hivi ni vya tairi."

Sisi tuliona hiyo ni hoja ya kutosha.

Likizo ya Agosti nilikwenda Kakuma na Lokol, kwa sababu mama alikuwa amekwenda kukaa na dada yake Kalemng'orok na huko walikuwa wengi na chakula kidogo. Akai alikuwa Kakuma pia, kwani baba yake alikuwa na duka pale. Mnaoijua Kakuma ya leo, yenye watu wa mataifa mengi na vijana wanaochanganya Kisomali, Kiarabu cha Juba na Sheng katika sentensi moja, hamwezi kuamini kimya cha Kakuma ile. Maduka machache ya mabati, misheni, kituo cha polisi, na Tarach, ambao ni mto mvua ikinyesha, na mvua isiponyesha ni njia ya mbuzi. Tulicheza ndani ya mto mkavu, chini ya mgunga uliokuwa ukingoni.

Siku moja asubuhi Lokol alikuwa akieleza, macho ameyafumba nusu, jinsi maji yalivyofichwa chini ya kilima chekundu na nyoka mwenye pembe akiyalinda. Akai akarusha viatu. Kimoja kikapanda juu ya kingine. Lokol akaviinamia na kusema kwa ile sauti yake, "Watu watakuja kutoka upande wa machweo."

"Watu gani?"

Aliyeuliza hakuwa mmoja wetu. Nyuma yetu alisimama baba yake Lokol, fimbo begani na kigoda mkononi. Watu walimwita Apaloreng, mwenye maksai mwekundu, ingawa maksai mwenyewe alikufa kwenye ukame pamoja na ng'ombe wengi. Mbuzi na ngamia wachache waliobaki hawakuhitaji wachungaji wote aliokuwa nao, ndipo akakubali mtoto mmoja aende shule.

"Ejok, Apa," Lokol akamsalimu baba yake, akiinuka. "Ni mchezo tu. Mchezo wa shule."

"Shule inafundisha kurusha viatu?"

"Mwalimu alitumia vitu vingine."

"Nani amekufundisha kuvisoma hivi?"

Lokol alijipangusa mchanga magotini. Angesema nini? Hakuna aliyemfundisha. Apaloreng alivitazama vile viatu pale mchangani, kisha akamtazama mwanawe kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akaenda zake.

Akai alikuwa amekwisha kuelewa. Tangu babu afe, ukoo ulikuwa ukingoja kuona kipawa kimemwangukia nani. Wakiamua ni Lokol, shule imekwisha. Angekaa nyumbani mwa babu, apakwe udongo, afundishwe na wazee, na maisha yake yote watu wangemletea mvua zao na maadui wao. Wengine wangeona ni heshima kubwa, na ni heshima kweli. Lakini Lokol alitaka kuwa mwalimu. Alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba atakuwa mwalimu mwenye boksi lake chini ya kitanda.

Kesho yake Apaloreng alirudi mtoni, safari hii akiwa amevaa shanga na unyoya kichwani. Alikuwa amepotelewa na ngamia jike wa maziwa, na vijana wake walikuwa wamemtafuta mpaka wamechoka.

"Rusha," akamwambia Lokol. "Niambie yuko wapi. Akipatikana, hurudi Lodwar. Mahali pa babu yako pamepata mtu."

"Na asipopatikana?"

"Basi umekejeli viatu vya babu yako mbele ya watoto wa watu. Mtu wa namna hiyo simlipii shule."

Nilitazama chini. Pande zote mbili hakukuwa na mlango. Lori la mahindi lililokuwa linatupeleka Lodwar shule ikifunguliwa lilikuwa karibu kuondoka, na kwa mara ya kwanza niliona huenda nikapanda peke yangu.

Lokol alivua akala zake. Badala ya kuzirusha aliziweka kando, moja kando ya nyingine.

"Apa, katika mchezo wetu mwenye hadithi harushi. Anayetafuta ndiye anarusha, na anarusha vyake."

"Vyangu?"

"Vyako."

"Mimi si emuron," Apaloreng akasema. "Baba yangu alinitazama tangu nikiwa mdogo kama wewe. Akasema sina kitu."

Alisema hivyo wazi, mbele yetu, kama mtu anayetaja kovu ambalo kila mtu analiona.

"Hapa mtu hahitaji kuwa na kitu," Lokol akasema. "Keti tu. Ni siku ngamia alipopotea. Uko wapi?"

Apaloreng aligeuka huku na huku kuona kama kuna mtu mzima karibu. Hakukuwa na mtu. Akaweka kigoda, akaketi, akavua viatu vyake vilivyolika visigino.

"Niko kwenye malisho, njia ya milimani."

"Unafanya nini?"

"Nahesabu ngamia."

"Rusha."

Vyote viwili vikalala kifudifudi.

"Umeshindwa kuhesabu," Lokol akasema.

"Mimi? Nishindwe kuhesabu ngamia wangu? Huo ni upepo." Akaviokota arushe tena.

"Haturudii, Apa," Akai akasema.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa mwenye duka."

"Ndiyo maana," akasema Apaloreng, akaviweka chini.

Basi tukacheza. Nimecheza mchezo huu katika nchi tatu, nimecheza na maprofesa, lakini sijaona mchezo kama ule. Lokol alieleza kijito, baba akamkatiza kwamba hapo hakuna kijito, mtoto gani hajui nchi yake. Lokol akasema basi nieleze wewe, nipeleke. Baba akampeleka. Akamwonyesha miamba ambako fisi huzalia, kisima kilichofukiwa na mchanga, mahali yeye mwenyewe alipolala na homa akiwa kijana, baba yake akapita asisimame. Hayo Lokol alikuwa hajawahi kuyasikia. Kila baba alipofika mahali, aliulizwa anafanya nini, na kila alipojibu, aliulizwa kwa nini. Jua lilipanda, kivuli cha mgunga kikasogea, nasi tukakisogelea na kigoda chetu na viatu vyetu. Nilitumwa kuleta maji nikakimbia nisikose neno.

Kisha Lokol akasema, "Juu ya kilima unaona mzee ameketi."

"Kilima kipi?"

"Hiki ni changu. Kipo kwenye mchezo tu. Ameketi peke yake."

"Anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anangoja. Watu wanamjia wakipotelewa na kitu. Wakikipata wanaondoka."

"Hana watoto?"

"Anao. Wanamwogopa."

Apaloreng akasogeza kigoda karibu. "Huyo ni babu yako?"

"Ni mtu wa mchezo tu, Apa."

"Ni mzee sana?"

"Hapana," Lokol akasema, na ile sauti yake ya mwenye hadithi ikamtoka, ikabaki ya mtoto. "Bado kijana. Ila amekaa hapo muda mrefu."

Baba alimtazama. Sijui alimtazama kwa muda gani. Kisha akageukia viatu, na alipoongea tena ilikuwa juu ya ngamia.

"Nashuka kilimani," akasema. "Ninafuata korongo."

"Kwa nini korongo?"

"Kwa sababu yeye hulipenda. Mwaka jana alizaa huko, upande wa pili wa ile miamba. Ndama akafa. Tulipata taabu kumwondoa, alisimama pale akilia mpaka..." Hakumaliza. Safari hii alikuwa hajarusha kitu. Aliinama, akavaa mchezo wetu miguuni, akachukua kigoda na fimbo akaondoka kuelekea milimani.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Lori lilikuwa likipakia. Lokol hakuruhusiwa kuondoka mpaka baba arudi, na tulijua kwamba akirudi na ngamia rafiki yangu amekwisha, na akirudi bila ngamia amekwisha vile vile. Wazee wa ukoo walikuwa wamesikia habari, wakaanza kuja kuketi karibu na boma. Walimtazama Lokol kwa macho ya staha, wakanyamaza akipita. Mama yake alimpa maziwa ya kwanza kabla ya kaka zake. Hakuyanywa. Aliniambia nichukue kitabu chake cha hesabu, nikitumie mimi.

Apaloreng alirudi alasiri moja, vumbi mpaka kwenye kope, na ngamia nyuma yake. Watu wote walisimama. Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote waliokuwapo, alimnyooshea Lokol fimbo.

"Mtoto ameona," akasema.

"Mtoto gani?" Apaloreng akauliza.

"Huyu wako. Amerusha viatu, ngamia amepatikana."

"Huyu hakurusha kitu. Muulizeni binti wa mwenye duka. Viatu ni vya nani?"

Wote wakamgeukia Akai.

"Ni vyake," Akai akasema, akimwonyesha Apaloreng. "Yeye ndiye alirusha. Lokol alikuwa anauliza maswali tu."

"Maswali," akasema Apaloreng, kwa dharau ambayo naisikia mpaka leo. "Kazi ya shule hiyo. Mtoto hana kitu. Nimemtazama, hana kitu kabisa. Nilimwona ngamia mimi, kwa viatu vyangu mimi." Akamkabidhi kijana kamba, akaingia ndani kulala.

Wazee waliguna, wakajadiliana, wakaondoka wakiwa hawajui la kufanya na mtu aliyepata kipawa akiwa na mvi. Asubuhi Lokol alipanda lori pamoja nami. Baba yake alikuja kutuona tukiondoka, na maneno yake ya kuaga yalikuwa machache. "Soma huko. Hapa niko mimi." Juu ya magunia ya mahindi nilimcheka yule mzee njia nzima. Nilisema amejitwalia sifa isiyo yake, na kwamba ningekuwa Lokol ningesimama pale pale kuwaambia watu ukweli. Lokol hakucheka. Alisema, "Mwache," na hakutaka tuongee tena habari hiyo.

Lokol amekuwa mwalimu, na si mwalimu mdogo, anafundisha walimu wenzake mbali na huku. Ana boksi lake, nami nilimletea dadu nzuri kutoka ng'ambo. Apaloreng aliishi miaka mingi. Watu walimjia na habari za mbuzi wao waliopotea, na sina hakika kama alipata hata mmoja, lakini hakuacha kuketi na kurusha. Walimcheka kidogo kwa siri. Hakulalamika.

Nimesema nyumba yangu ina chumba cha meza. Jumamosi wanakuja vijana wachache, baadhi yao kutoka Kakuma, na tunacheza vizuri, ingawa kila mara mmoja ananiuliza nenosiri la intaneti kabla ya kunisalimu. Mwanangu wa mwisho, Ewoi, hucheza akipenda. Yuko kidato cha nne. Karo yake nimelipa mpaka mwisho, kompyuta anayo, na hakuna ukoo utakaokuja kumtoa darasani. Hayo yote najivunia, na nitaendelea kujivunia.

Juzi Ewoi alikuwa mwenye hadithi. Akatueleza nyumba kubwa ya mawe, taa zote zinawaka, na ndani kijana mmoja anapita chumba hadi chumba akifunga milango. Wenzake wakauliza kama kuna hazina. Mimi nilikuwa na zamu yangu, nina upanga mzuri, nikasema naingia kwa mlango wa nyuma, nikarusha, nikaweza. Mchezo ukaendelea. Ilikuwa baadaye, nikifuta meza, ndipo nilipofikiri kwamba ilinipasa kuuliza kijana huyo ni nani.

Kwa miaka mingi niliamini Apaloreng alikuwa mtu wa kiburi tu, na kiburi nakijua. Sasa sijui. Enzi zile baba hakuwa na cha kumpa mtoto, wala nyumba ya mawe wala kompyuta, na mara nyingi hakuongea naye ila kumtuma. Lakini yule, ambaye hakujua kuandika jina la maksai wake, aliketi siku moja juani na mwanawe, akasikia habari ya mzee kilimani, na akaielewa. Kisha akarudi kutoka milimani, akavaa uongo mbele ya ukoo mzima na kuuvaa mpaka kufa, ili mtoto asikae pale kilimani. Sisi tumewapa watoto wetu kila kitu walichoomba. Leo jioni Ewoi yuko chumbani kwake, mlango umefungwa, nami nimeketi hapa na dadu zote hizi nikitafuta namna ya kugonga.